Landrova ya Babu: tunairudisha mwaka gani?

Najua nimepotea. Nilikuwa Kibiti likizo nzima, nimerudi Mlimani juzi na makovu mawili kwenye vidole, harufu ya mafuta ya taa kwenye kila shati, na swali moja ambalo semina zote za historia hazijanipa jibu lake. Kaeni mkao wa kula, leo ni ndefu.

Nyumbani kwetu, nyuma ya jiko chini ya mwembe, kuna Landrova. Ni 109, ile ndefu (hizo ni inchi toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma). Toka nipate akili iko pale pale. Kuku wametaga humo vizazi na vizazi. Mwaka huu wakaja vijana wa vyuma chakavu na mizani yao, na baba mdogo akaafikiana nao bei ya kilo. Msimlaumu. Paa la nyumba ya Bibi linavuja, bati zinatakiwa, na hela haiokotwi. Lakini Bibi akakataa. Akanigeukia mimi: "Wewe si ndo unasoma historia? Haya, itengeneze."

Mwe! Kana kwamba historia ni spana.

Mwisho wakakubaliana: wiki nne. Ikiwaka inabaki, isipowaka inaenda kwenye mizani. Bumu langu lote lililokuwa limebaki likaishia kwenye msasa, plagi nne na vijiti vya kuchomelea. Tukamtafuta fundi mmoja mzee wa pale pale Kibiti, aliyewahi kuitengeneza enzi za Babu. Akaja na baiskeli, akaizunguka mara mbili bila kusema kitu, akapiga chasisi kwa nyundo, akasikiliza. Kisha akaomba chai.

Mimi nikajifanya mtaalamu. Nilishasoma namna ya kujua umri wa hizi gari. Taa kubwa za mbele mwanzoni zilikaa katikati, karibu na rejeta. Mwisho mwisho wa miaka ya 60 zikahamishiwa kwenye madigadi. Ya kwetu ziko kwenye madigadi. Dashibodi nayo, saa zake ziko katikati na sio mbele ya dereva, kwa hiyo ni kabla ya Series III ya mwaka 1971. Basi nikatangaza mbele ya ukoo: gari hili limetengenezwa kati ya 1968 na 1971! Nikajiona profesa kabisa.

Fundi akacheka hadi akakohoa. Akakwangua matope upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa na chasisi, akanionyesha namba iliyogongwa. Herufi ya mwisho ni ya gari zilizotoka kabla taa hazijahama. Bibi akamalizia akiwa jikoni: "Hayo madigadi ya gari lingine. Babu yako aligonga kiboko."

Basi bana. Halafu gia boksi ikafunguliwa, kumbe ni ya Series III, maana gia ya kwanza na ya pili zinaingia laini. Zile za zamani mpaka gari lisimame ndo uingize ya kwanza, la sivyo unasikia kilio. Tayari ni magari matatu ndani ya moja. Nyaraka ya kughushi hii, angesema mwalimu wetu wa mbinu za utafiti. Lakini nani kaghushi?

Turudi nyuma kidogo. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, injinia mkuu wa kampuni ya Rover, ambaye alikuwa na shamba kisiwani Anglesey huko Wales na analiendesha kwa Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Uingereza wakati huo chuma ni cha mgawo, ila aluminiamu ipo tele kwa sababu viwanda vya ndege vimebaki bila vita. Ndo maana bodi ikawa ya aluminiamu na chasisi ya chuma. Hata chasisi yenyewe, kukwepa mashine kubwa za kukandamizia, walichukua mabapa manne ya chuma wakayachomelea pamoja yakawa kama boksi refu lenye uwazi ndani.

Sasa lete boksi hilo Rufiji. Hii gari imekwenda sana Nyamisati na vijiji vya pembeni mwa delta, tope lile la mikoko lenye chumvi. Tope linaingia ndani ya chasisi kupitia vitundu, vitundu vinaziba, linakaa humo miaka. Kutu inakula kutoka ndani. Nje unaona rangi nzuri tu, ukigonga nyundo inapita. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukichanganya na chumvi, aluminiamu ndo inayokufa, inageuka unga mweupe kama dona. Kwa hiyo mtu akikuambia Landrova haipati kutu, mkaribishe Kibiti.

Delta yetu haina huruma na chuma toka zamani. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo Septemba 1914 baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Mtambo wake uliharibika. Vipande vilivyoharibika vikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikaburutwa kurudi, kwa mabega na mikono ya watu weusi. Ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ikaopolewa, ikapelekwa Dar vile vile, ikafungiwa magurudumu, ikaendelea na vita barabarani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mmoja uko Pretoria. Majina ya makapteni tumeyasoma darasani. Walioburuta hawana hata majina. Mimi hilo linaniuma kila nikipita ile sura.

Haya, kwenye gari. Tulipong'oa sakafu ya upande wa abiria, kumbe sio sakafu ya kiwandani. Ni pipa la oili lililokatwa na kunyooshwa, maandishi bado yanasomeka kwa chini. Mpira wa kwenye springi umechongwa kutoka tairi la lori. Sili ya gurudumu la nyuma ni ngozi ya ng'ombe. Viti vimejazwa usumba wa nazi, na ubao wa nyuma ni mninga mtupu, mzito kama mlango wa msikiti.

Mimi nikataka vyote vitoke. Nilishaona kwenye picha wenzetu Ulaya wanavyofanya: kila nati ya asili, rangi ile ile ya kiwandani. Nikamwambia fundi, tuirudishe kama ilivyotoka Solihull.

Akaweka spana chini. "Mwanangu, hiyo ya Solihull mimi siijui. Mimi najua hii."

Halafu akaanza kuhesabu. Pipa liliwekwa baada ya vita vya Kagera, 1979 au 1980 hivi, nchi haina fedha za kigeni, vipuri hakuna. Ngozi mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, ambapo kukutwa na sili mpya mbili ilikuwa ni kesi. Petroli ya kuhangaikia, Jumapili mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Gia boksi iliingia baada ya bajeti ya 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Jamani, mimi hii nimeisoma kama "kulegeza masharti ya biashara", nikapata B. Kumbe kuna mtu anaikumbuka kama gia boksi.

Hapo ndo swali langu lilipozaliwa. Kutengeneza gari la zamani ni kulirudisha kwenye mwaka fulani. Mwaka upi? Nikiondoa pipa na ngozi napata Landrova safi ya Kiingereza, ambayo kwetu haikuwahi kuishi hata siku moja. Nikiviacha, baba mdogo anasema nimetengeneza takataka.

Bibi akaongeza la tatu. Siku tunapiga msasa bodi ya nyuma, chini ya rangi ya bluu ya Babu ikatokea kijivu, na juu ya kijivu herufi mbili: ST. Namba ya serikali. Bibi akaja na fimbo yake akasimama muda mrefu. Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni kwenye mashamba yao ya mpunga wakapelekwa vijiji vya juu. Akasema Landrova ya kijivu ndo ilikuja kwao na maofisa. Wengine waliondoka wenyewe kwa sababu ya maji, wengine waliondoka kwa sababu waliambiwa. Yeye alikuwa msichana, alipanda nyuma na vyungu viwili na kuku mmoja.

"Ndo hii hii, Bibi?"

"Mimi najua zilikuwa ngapi? Ilikuwa ya kijivu."

Babu aliipata kwenye mnada wa serikali mwishoni mwa miaka ya 70. Bibi anasema alimgombeza wiki nzima kwa kuleta kitu kile nyumbani. Kisha akaizoea. Shangazi yangu alizaliwa ndani yake pale Ndundu, usiku, wanatoka msibani Muhoro na kivuko kimelala ng'ambo. Asubuhi kivuko kilipofika walikuwa wameongezeka mmoja. Mpaka leo tunamwita Shangazi Landrova, ana wajukuu wake Ikwiriri. Vijana mnaopita Daraja la Mkapa kwa dakika moja mkiwa mnachati, lile la 2003, karibu mita 970, mjue kulikuwa na watu wanajifungua wakilisubiri.

Na daraja hilo ndilo lililoiua Landrova yetu, kwa maoni yangu. Si kutu. Njia ilipoanza kufunguka, Hiace na Noah zikaingia, abiria wa Babu wakahama. Mwaka ule ule ikaegeshwa chini ya mwembe "kwa muda". Solihull wenyewe walifunga ukoo huo Januari 2016, na Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha, Landrova kwa mamia kwenye foleni moja. Kule bado zinapanda milima na abiria. Kwetu zinapimwa kwa kilo.

Sasa kazi. Chasisi tumekata vipande vitatu vilivyooza, tumechomelea bapa nene, na tumeacha matundu makubwa chini tope lipate pa kutokea. Sili ya ngozi imetoka, inavuja, hakuna mjadala. Pipa limebaki. Mninga umebaki. Madigadi ya baada ya kiboko yamebaki. Bodi nzima imepigwa rangi ya bluu ya Babu, isipokuwa kile kipande cha kijivu chenye ST. Hapo Bibi alikataa isipigwe rangi, akakataa pia kusema kwa nini.

Siku ya ishirini na sita tukaazima betri ya Noah ya jirani. Tangi ni kutu tupu, kwa hiyo petroli ikaning'inizwa kwenye kidumu, mpira moja kwa moja hadi kabureta. Stata ikagoma. Fundi akanipa hendeli akanionya: dole gumba lisizunguke mpini, likae upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha inavunja. Nikasahau mara ya kwanza. Makovu ndo hayo. Mara ya tano ikakohoa, ikatoa moshi na manyoya ya kuku, ikanyamaza. Mara ya tisa ikashika. Ikanguruma kama dakika nne hivi, kuku wote wako juu ya mwembe, watoto wa mtaa mzima wamejaa uani. Shangazi alikuwa amekuja toka Ikwiriri, akafungua mlango wa nyuma akaingia, akakaa kwenye usumba, hakusema kitu.

Baba mdogo akazima kidumu mwenyewe. "Breki je?" akauliza.

Breki hazipo. Masta silinda imekufa kabisa, na nimeambiwa niiulizie Gerezani au Arusha. Aliyeko Arusha mwenye mtu gereji anitafute, bumu likitoka nalipa. Paa la Bibi nalo bado linavuja, hilo tunachangishana na binamu zangu. Ngoja nikimbie, kuna semina saa nne na sijasoma hata ukurasa mmoja.