Kiinua Mgongo: Haki au Hisani?

Kiswahili kiliipa pesa ya kustaafu jina linalojieleza lenyewe: kiinua mgongo. Yaani umeinama miaka thelathini ukiifanyia serikali kazi, sasa unapewa kitu cha kukunyoosha. Ukisikia jina hilo unadhani ni deni unalipwa. Sheria haikuliona hivyo.

Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189, ilianza kutumika 1 Januari 1946, enzi za mkoloni. Kifungu cha 5 kinasema wazi kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya pensheni kwa kazi aliyofanya, na kwamba serikali inaweza kumfuta wakati wowote bila fidia. Pensheni ilikuwa hisani ya mwajiri kwa mtumishi mtiifu. Na hisani hufunga mdomo: karani aliyebakisha miaka miwili astaafu angebishana na bosi wake kweli?

Uhuru ulipokuja 1963, maafisa Wazungu waliokuwa wakiondoka waliwekewa utaratibu wao wa fidia mwaka huo huo. Waafrika waliowarithi walipata meza, faili na Kifungu cha 5.

Bado watu waliitamani kazi ya serikali, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa 1/480 ya mshahara wa mwisho. Chukua mtu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, akimalizia na mshahara wa 48,000. Pensheni yake ni 36,000 kwa mwezi. Akikubali kuachia robo, robo hiyo ya mwaka inazidishwa mara 20: anapokea 2,160,000 kwa mpigo, halafu 27,000 kila mwezi hadi afe. Na hakukatwa hata shilingi kuchangia pensheni hiyo.

Shida ni kwamba hakukuwa na mfuko wowote uliokuwa ukijazwa. Mstaafu wa leo alilipwa na kodi ya leo, kwa hiyo kila mwaka ilibidi Hazina itafute pesa upya. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, na waliokuwa karibu kutoka wakabaki ofisini.

Waulize walimu jinsi hisani inavyouma. Mwaka 1997 waligoma, wakaahidiwa nyongeza ya mishahara kwa awamu. Waliostaafu kabla awamu hazijaisha walipigiwa pensheni kwa mshahara mdogo. Walienda kortini Nakuru, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Miaka mingi baadaye walikuwa bado wanadai, ni wazee sasa, na wenzao wengine wameshazikwa.

Mabadiliko makubwa yalifika 1 Januari 2021. Sheria yake ilipitishwa 2012, kisha ikakaa miaka kadhaa bila kutekelezwa. Watumishi wenye chini ya miaka 45 waliingizwa kwenye mpango mpya: wakakatwa 2% ya mshahara mwaka wa kwanza, 5% wa pili, na 7.5% kuanzia wa tatu. Serikali nayo inaweka 15%. Wengi walilalamika walipoona mshahara umepungua, na si ajabu, maisha ni magumu. Lakini kwa mara ya kwanza pesa iko kwenye akaunti yenye jina lako. Ukiacha kazi, si eti umepoteza kila kitu kwa sababu mkubwa amekukasirikia.

Haimaanishi ulale. Mzee wako alijua kiwango chake kwa kuhesabu miezi. Wewe, utakachopata kinategemea kilichowekwa na kilivyowekezwa. Mwajiri akichelewesha ile 15%, faida inayopotea ni yako. Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti, uisome mwezi kwa mwezi. Kifungu cha 5 hakikumpa mzee wako nafasi ya kuuliza pesa yake iko wapi. Wewe unayo.