Mastodon: mlango wazi, wageni wachache

Eugen Rochko alizindua Mastodon huko Ujerumani mwaka 2016: mtandao usio na bosi mmoja, kila seva ina mwenyewe na sheria zake. Sisi waandika programu tulishangilia. Oktoba 2022 Elon Musk aliponunua Twitter, watu wengi walihamia huko, wakiwemo Wamarekani weusi. Baadhi yao walipoandika kuhusu ubaguzi wa rangi, wenyeji waliwataka wayafiche maneno hayo nyuma ya onyo. Tena kitufe cha kunukuu ujumbe wa mwenzio, walichokizoea Twitter, kiliachwa makusudi kwa kuhofia matusi. Kilikuja mwaka 2025. Baadhi waliondoka. Kwa maoni yangu tatizo si seva: waliotangulia ndio waliopanga adabu za nyumba. Je, wewe ungekaa?