Upupu

Upupu (Mucuna pruriens) ni mmea mtambaazi wa jamii ya kunde, unaoota wenyewe vichakani na kwenye mashamba yaliyoachwa, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, kama kwingineko katika nchi za joto. Maua yake mara nyingi ni ya zambarau. Maganda yamefunikwa na vinyweleo vya kahawia.

Mwasho na chanzo chake

Vinyweleo vya ganda ndivyo viwashavyo zaidi. Vikichoma ngozi huacha humo mukunaini, kimeng'enya kilichoelezwa na wataalamu mwaka 1955. Mwasho wake haupitii histamini, hivyo vidonge vya mzio husaidia kidogo. Maganda yakikauka kiangazini, upepo huvipeperusha vinyweleo, na mtoto ambaye hakugusa kitu hujikuta anawashwa. Hapo ndipo wakubwa hukimbilia kusema amerogwa. Upupu usichanganywe na Toxicodendron radicans, mmea wa Marekani ulio mashuhuri kwa kuwasha: huo si wa asili ya Afrika, nao hudhuru kwa utomvu, baada ya saa nyingi. Ndugu yake aliyepo Maniema ni mwembe, ambao utomvu wake pia huweza kubabua midomo. Kwa hiyo kanuni ya Kimarekani ya kuepuka majani matatu-matatu haifai hapa: ingewakimbiza watoto mbali na maharage ya mama zao, ambayo nayo yana majani ya namna hiyo.

Kwa watoto wa Kikristo

Mwalimu wa katekisimu anaweza kupinga akisema kwamba Mwanzo 3:18 huihesabu miiba katika laana, basi awashwaye ameadhibiwa. Lakini aya hiyo yahusu ardhi ya wanadamu wote, na katika Yohana 9:3 Yesu anakataa kuyafanya mateso ya mtu kuwa ushahidi wa dhambi yake. Dhambi, ikiwepo, iko katika mkono wa anayemwaga upupu kwenye kiti cha mwenzake darasani, mzaha wa kikatili usiostahili kuchekewa. Wengine husema maombi yatosha. Ila Mithali 22:3 husifu kuiona hatari na kujitenga nayo, na sala haizuii sabuni. Mtoto afundishwe kulitambua ganda na kupita mbali nalo. Akiwashwa asijikune wala kugusa macho; avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, na nguo zifuliwe peke yake. Vinyweleo vikiingia machoni, yaoshwe mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.

Matumizi

Mbegu zina levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Aina isiyowasha hupandwa kurutubisha udongo.