Mita ya stima na sitara ya nyumba: mambo ya kujua mpangaji

Kijana wa Pwani akienda Thika kutafuta riziki, huenda akapanga Kamenu, kwenye nyumba ambayo stima hununuliwa kwa tokeni. Wengi huuliza kodi na maji. Wachache huuliza ni nani mwengine anayeona stima wanayotumia.

Mita ya kawaida ya tokeni huhesabu yuniti tu. Unalipa, unapata tarakimu 20, unaziingiza, yamekwisha. Mita erevu hupima matumizi kila baada ya muda mfupi, aghalabu nusu saa au robo saa, kisha huyatuma yenyewe kwa mtandao wa simu. Kenya Power ilianza kuzifunga kwa wateja wakubwa kama viwanda. Lakini baadhi ya wenye nyumba nao hufunga mita zao ndogo kwa kila mpangaji na kuuza tokeni kupitia kampuni binafsi. Hapo rekodi yako iko mikononi mwa mwenye nyumba au wakala wake.

Rekodi hiyo husema mengi: saa mnayotoka, saa mnayorudi, siku nyumba ilipokuwa tupu. Ramadhani ikifika, stima ikipanda saa kumi alfajiri kila siku kwa ajili ya daku, hata dini yenu yajulikana. Si hofu ya bure. Mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa kulazimisha mita hizi katika kila nyumba, sababu mojawapo ikiwa faragha.

Dini yetu imetufunza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Sheria ya Kenya nayo yasema hivyo kwa njia yake. Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwa vipi, kuiona, kutaka irekebishwe na kupinga matumizi yake. Imani ya mtu na habari za familia yake zimewekwa katika data nyeti.

Basi fanya haya:

1. Kabla ya kutia saini, uliza mita ni ya nani, inarekodi nini, na nani anaisoma.
2. Taka iandikwe kwenye mkataba kwamba rekodi ni ya malipo tu, haitapewa mtu mwengine.
3. Usitume picha ya risiti ya tokeni kwenye kundi la WhatsApp. Tokeni haifanyi kazi kwenye mita nyengine, lakini risiti inaonyesha namba ya mita yako na kiasi ulichonunua.
4. Mtu akikupigia na kukutajia namba ya mita yako, hilo si dhibitisho kwamba ametoka kampuni ya stima. Usimpe namba ya siri wala kitambulisho.
5. Unapohama, omba jina na namba yako ya simu viondolewe kwenye mfumo wa mita.

Ukikataliwa, andika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.