Bakteria wa maji baridi na chakula kilichoyeyuka

Bakteria wa maziwa na mito hawana kinywa wala tumbo. Wanachokula hupenya utando wa seli kikiwa kimekwisha kuyeyuka majini. Chakula hicho hutoka kwa mwani, ambao huvuja sukari ungali hai, kwa viumbe waliokufa, na kwa majani na udongo uliosombwa na mvua. Mililita moja ya maji ya ziwa huwa na bakteria wapatao milioni moja, na kwa kuwa chakula chao ni kaboni iliyo ndani ya vitu hivyo vilivyoyeyuka, ni rahisi kudhani kwamba palipo na kaboni nyingi iliyoyeyuka ndipo penye shibe. Dhana hiyo haisimami. Asidi amino na sukari nyepesi hudakwa na protini za utando mara tu zinapotokea, ndiyo maana kiasi chake majini huwa kidogo mno ingawa ndizo zinazolisha wengi. Molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 600 hivi haipiti kwenye utando. Sharti ikatwe kwanza nje ya seli kwa vimeng'enya, na kutengeneza vimeng'enya ni gharama, hasa pale ambapo kipande kilichokatwa huweza kunyakuliwa na jirani ambaye hakutoa chochote.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni maji ya Bonde la Kongo. Ziwa Mai-Ndombe, ambalo jina lake maana yake ni maji meusi, lina rangi ya chai iliyokolea kwa sababu ya mboji itokayo kwenye misitu ya kinamasi. Kaboni imejaa tele, lakini sehemu kubwa imefungwa katika molekuli nzito, ngumu kukatwa. Kama bakteria wangekula chochote, weusi huo usingedumu. Mtu anaweza kupinga kwamba mboji nayo huliwa. Ni kweli, ila huliwa polepole, na mara nyingi baada ya jua kuivunja kuwa asidi ndogondogo ambazo jenasi ya Polynucleobacter huzitumia. Pingamizi hilo linaitia nguvu hoja: ukubwa ukipungua, ndipo mlo unapopatikana.

Wengine huuona ulaji huu kuwa upotevu mtupu, kwani kwa kawaida zaidi ya nusu ya kaboni inayomezwa hurudi kuwa dioksidi kabonia, na maziwa mengi duniani huitoa gesi hiyo hewani. Upotevu upo. Lakini kinachobaki hujenga seli, seli huliwa na protozoa, protozoa huliwa na wadudu wadogo wa majini, nao huliwa na samaki. Pasipo bakteria, sukari iliyovuja kutoka kwa mwani isingemfikia samaki yeyote.