Joka halikuzaliwa na mabawa

KATIKA miaka ya karibuni nimesoma miswada kadhaa ya hadithi za watoto zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, na kuna neno moja linalonikera kila ninapokutana nalo: dragoni. Nikimuuliza mfasiri kwa nini hakuandika joka, jibu huwa lile lile. Eti joka ni nyoka tu, nyoka mkubwa, ilhali mnyama wa hadithi za Wazungu ana mabawa, ana miguu na anatema moto. Kwa hivyo, wanasema, hawa ni viumbe wawili tofauti na kila mmoja anastahili jina lake.

Hoja hii ina sura ya ukweli, na ndiyo maana nataka kuijibu kwa historia badala ya hasira. Mnyama huyo wa Wazungu naye alianza akiwa nyoka. Alitambaa kwa karne nyingi sana kabla ya mabawa kuwa sehemu ya kawaida ya mwili wake. Hata katika fasihi ya karne ya 20, mmoja wa majoka wa kutisha zaidi hakuwa na bawa hata moja.

Tuanze na neno letu wenyewe. Joka ni ukubwa wa nyoka, kama jumba lilivyo ukubwa wa nyumba. Mzizi wa nyoka ni wa kale mno katika lugha za Kibantu: Wanyarwanda husema inzoka, Wazulu inyoka, Washona nyoka kama sisi. Ukitaka kumtukuza au kumtisha mtu kwa huyo nyoka, unaondoa ile sauti ya mwanzo, unaweka ji- ya ukubwa, na mnyama anavimba mbele ya macho yako. Ukitaka kumpunguza, unasema kijoka. Kwa hiyo kila mtoto anayesikia joka anasikia nyoka ndani yake bila kufafanuliwa.

Sasa tazama upande wa pili. Kiingereza kilipata neno lake kupitia Kifaransa, Kifaransa kikalitoa kwenye Kilatini, draco, nacho Kilatini kikalitwaa kutoka Kigiriki, drakon. Na drakon kwa Wagiriki lilikuwa na maana gani? Nyoka mkubwa. Basi! Wanaisimu wengi hulihusisha na kitenzi cha kutazama kwa makali, kana kwamba nyoka huyo anajulikana kwanza kwa macho yake. Tushikilie hilo la macho, nitalirudia.

Warumi walipoandika kuhusu draco, walikuwa wakiandika habari za mnyama waliyeamini yupo, tena wengi wao walimweka kwetu Afrika. Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anasimulia jinsi draco anavyojizungusha kwenye mwili wa ndovu na kumkaba, hadi ndovu anapoanguka na kumponda kwa uzito wake, wote wawili wakafa. Huyo huyo Pliny anataja nyoka aliyeuawa na jeshi la Regulus kando ya mto Bagradas, katika Tunisia ya leo, wakati wa vita vya kwanza kati ya Roma na Carthage. Urefu wake ulidaiwa kuwa futi 120, na askari walilazimika kumshambulia kwa mitambo ya kurushia mawe, kana kwamba wanabomoa ngome. Ngozi ilipelekwa Roma ikawekwa hekaluni. Futi 120 ni chumvi, bila shaka. Ngozi ya nyoka ikitandazwa hunyumbulika, na askari wakirudi nyumbani hadithi hunyumbuka zaidi.

Karne kadhaa baadaye Isidore, askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, alikusanya elimu ya zama zake katika kitabu kikubwa cha asili ya maneno. Anasema draco ndiye mkubwa kuliko nyoka wote, anapatikana Ethiopia na India, kinywa chake ni kidogo, na nguvu zake haziko kwenye meno bali kwenye mkia. Haui kwa sumu. Anaua kwa kukaba, na hata ndovu hasalimiki.

Hebu msomaji afumbe macho ajiulize ni mnyama yupi asiye na sumu, anayejizungusha kwenye mwili wa windo na kulibana hadi life. Mkulima yeyote wa Tana River au Kano atakujibu mara moja: chatu. Toa ule ukubwa wa kupindukia, toa na yule ndovu, na maelezo ya Isidore yanakaribia sana kuwa maelezo ya chatu wa Afrika na wa Asia. Mnyama ambaye leo tunaambiwa ni wa Wazungu kiasi kwamba Kiswahili hakina jina lake, waandishi wao wa kale walimtafuta kwetu.

Najua mtu atanyanyua mkono aniambie kwamba nyoka wa kuruka walikuwepo tangu zamani. Kweli. Herodotus anasimulia nyoka wenye mabawa wa Arabuni wanaolinda miti ya ubani. Mshairi Ovid anampandisha Medea kwenye gari linalovutwa na nyoka wenye mabawa. Lakini tazama jinsi waandishi hawa wanavyolazimika kusema. Hawatosheki na jina la nyoka. Wanaongeza kwamba ana mabawa. Neno peke yake halikubeba mabawa, na ndiyo sababu ikabidi yatajwe. Leo mambo yamepinduka: anayezungumza Kiingereza akitaka joka la kutambaa ndiye anayelazimika kuongeza kwamba halina mabawa.

Mapinduzi hayo yalifanywa kwa kiasi kikubwa na wachoraji. Katika vitabu vya wanyama vilivyonakiliwa kwa mkono Ulaya katika Enzi za Kati, draco alianza kuota miguu na mabawa pembezoni mwa maandishi ambayo bado yalimwita nyoka. Kufikia karne ya 13 kuna mswada wa Uingereza, ambao sasa umehifadhiwa British Library, unaomwonyesha akiwa na miguu minne, mabawa na moto mdomoni, karibu kabisa na yule wa filamu za leo. Na picha ikishatulia kichwani, hata mifupa huitii. Huko Klagenfurt, Austria, kulipatikana fuvu mnamo 1335 ambalo watu waliamini ni la joka la hadithi yao. Mwishoni mwa karne ya 16 sanamu kubwa ikachongwa mjini, na inasemekana kichwa chake kiliigizwa kwa fuvu hilo. Wanasayansi walipolichunguza baadaye waligundua kuwa ni la kifaru mwenye manyoya, mnyama aliyetoweka zamani za barafu. Sanamu hiyo ina mabawa. Kifaru, jamani!

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakubabaika. Katika Ufunuo sura ya 12 walimwita mnyama yule mwekundu wa vichwa saba na pembe kumi joka, na mistari michache baadaye maandiko yenyewe yanamtambulisha kuwa ndiye nyoka wa zamani. Kiswahili kinaonyesha undugu wa maneno hayo mawili waziwazi, jambo ambalo Kiingereza cha leo hakiwezi. Na anayedhani joka la Ufunuo lina mabawa asome tena sura hiyo. Anayepewa mabawa pale, mabawa ya tai, ni yule mwanamke anayekimbia. Joka halina lake. Tena linachotema kumfuata si moto bali maji, mengi kama mto.

Huko kaskazini mwa Ulaya hali ilikuwa hivyo hivyo. Waingereza wa kale walikuwa na neno wyrm, na watu wa Skandinavia ormr, yote mawili yakimaanisha nyoka au kiumbe cha kutambaa. Wyrm ndilo lililozaa worm ya leo, yaani mnyoo. Neno lao lilinywea likawa kidudu cha udongoni. Letu lilivimba likawa joka. Nakiri kwamba joka la utenzi wa Beowulf, ambao mswada wake ni wa takriban mwaka 1000, linaruka usiku na kuchoma nyumba za watu. Lakini mwenzake Fafnir, wa masimulizi yaliyoandikwa Iceland karne ya 13, anatambaa tu.

Fafnir hakuzaliwa joka. Alimuua babake kwa sababu ya dhahabu, akailalia, na tamaa ikambadilisha mwili. Kila akishuka kunywa maji hupitia njia ile ile. Kijana Sigurd anachimba shimo katika njia hiyo, anajificha ndani, na joka linapopita juu yake anachoma kwa upanga chini ya bega la kushoto. Kule Ramsund, Sweden, kuna mwamba uliochongwa mnamo mwaka 1030 hivi ambapo joka ni utepe mrefu wenye maandishi mwilini, na Sigurd yuko chini yake akiuchoma. Halafu Sigurd anaoka moyo wa Fafnir, anaugusa kuona kama umeiva, anaungua kidole, anakitia mdomoni, na papo hapo anaelewa lugha ya ndege. Kwa mwalimu wa lugha hakuna njia tamu zaidi ya kujifunza, ingawa siwezi kuipendekeza kwa wanafunzi wangu.

Aliyeyajua haya yote kwa undani ni J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford kuanzia 1925. Aliwahi kueleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama saba aliandika hadithi ya joka, na mamake akamsahihisha: huwezi kutanguliza kijani kabla ya kubwa, ni lazima kubwa litangulie. Hadithi yenyewe aliisahau, lile swali la mpangilio wa vivumishi likabaki naye. (Jaribu kwa Kiswahili: joka kubwa la kijani. Sasa pindua: joka la kijani kubwa. Sikio linakataa, sivyo?)

Tolkien alipotunga historia ya majoka wake, alifuata mkondo ule ule niliousimulia. Smaug, wa kitabu cha 1937, anaruka. Lakini baba wa majoka wote, Glaurung, ambaye wasomaji wengi walikutana naye katika The Silmarillion mwaka 1977, hana mabawa. Ana miguu minne, magamba na moto tumboni. Hukua polepole: mara ya kwanza alitoka shimoni angali mchanga, magamba hayajakomaa, na wapanda farasi wenye mishale wakamrudisha mbio. Alipotoka tena akiwa amekomaa, hakuna jeshi lililomzuia. Tumbo ndilo lililobaki laini siku zote. Silaha yake kubwa kuliko moto ni jicho lisilo kope. Akikukazia macho unaganda, na akisema unaamini. Ndivyo alivyomfanya msichana Nienor asahau hata jina lake. Ndiyo maana nikasema tushikilie yale macho ya neno la Kigiriki. Majoka wa kuruka wanatokea baadaye sana, mwisho wa vita vikuu, na kutokea kwao kunawashtua wote kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho.

Hapa ndipo suala la tafsiri linapokuwa na uzito. Glaurung anakufa kama Fafnir, kwa kuchomwa kutoka chini. Analazimika kuvuka genge, anajitupa upande wa pili na kuuburuta mwili wake mzito, na Túrin amejibana kwenye mwamba chini yake. Mtoto aliyesoma dragoni, mwenye picha ya filamu kichwani, atauliza swali la haki kabisa: mbona hakuruka? Aliyesoma joka hatauliza. Anajua linatambaa, linaacha mburuzo, lina njia zake, na mwenye njia huviziwa njiani.

Tena neno joka huja na jamaa zake. Lina gamba la kujivua, lina pango. Lina methali ya joka la mdimu, lile linalowavizia watundao ilhali lenyewe halili ndimu; ukimtafuta Fafnir juu ya dhahabu asiyoitumia, umempata pale juu ya mdimu. Wanafunzi wetu waliosoma Kigogo ya Pauline Kea hawakuhitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini mtawala wa Sagamoyo anayefunga soko la wanyonge anaitwa Majoka. Jaribu kumwita Madragoni uone kama kuna atakayeogopa. Watacheka.

Limebaki suala la ngeli, ambalo walimu huniuliza. Nikitumia neno joka lenyewe, naliweka katika LI-YA: joka limetambaa, joka lile. Likipata jina na likaanza kusema, jina linachukua A-WA: Fafnir alijibu, Glaurung alicheka. Wako wanaoandika joka yule, na Biblia inao mfano huo. Siwapingi, mradi mwandishi asichanganye yote mawili katika aya moja. Na lile la kuruka tuliite joka lenye mabawa, kama Ovid alivyolazimika kusema kwa Kilatini.

Kuhusu moto, mfasiri mmoja aliniambia hakupata kitenzi kinachofaa, akaandika kwamba mnyama wake anapumua moto. Kitenzi kipo. Muulize mtu yeyote aliyewahi kukutana na swila kichakani nyoka huyo hufanya nini na sumu yake. Atakwambia huitema.