Lango la Nchi na Mlango wa Chumba

Mtu ahamapo kutoka nchi yake kwenda nchi ya ugeni hana budi kupita pahali pawili. Pa kwanza ni lango la nchi, ambalo hulindwa na askari, na maofisa, na sheria zilizoandikwa. Pa pili ni mlango wa chumba atakacholala, nao hulindwa na mwenye nyumba peke yake. Vitabu vya historia husimulia sana habari za lango, wala havikai sana mlangoni. Lakini aghalabu ni mlangoni ndipo mgeni ajuapo kama amepokewa au amevumiliwa tu. Habari za watu wa visiwa vya Karibi waliohamia London baada ya Vita Vikuu vya Pili zatosha kuwa ushahidi. Watu hao walilikuta lango li wazi, na mlango umefungwa; na sheria ya Uingereza ilichukua miaka 20 kutembea kutoka langoni hadi mlangoni.

Tarehe 22 Juni 1948 abiria wa meli iitwayo Empire Windrush walishuka katika bandari ya Tilbury, karibu na London. Jumla yao ilikuwa 1,027, na katika hao 802 walikuwa wametoka katika visiwa vya Karibi, wengi wao Jamaika. Nauli ya daraja la chini ilikuwa paundi 28 na shilingi 10, fedha nyingi kwa seremala au mkulima wa siku zile. Baadhi yao walikwisha kuitumikia Uingereza vitani katika jeshi la anga. Kwa sheria hawakuwa wageni hata kidogo: walikuwa raia wa Mfalme, na Sheria ya Uraia iliyopitishwa mwaka huo huo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, ilithibitisha haki yao ya kuingia, kukaa na kufanya kazi.

Haki ya kuingia haikuwa na kitanda ndani yake. Zaidi ya 200 katika wanaume hao hawakuwa na mahali pa kulala, wakapelekwa katika handaki refu la Clapham South, lililochimbwa wakati wa vita ili watu wajifiche mabomu. Ofisi ya kuandikisha watafuta kazi iliyokuwa karibu nao ilikuwa katika njia ya Coldharbour Lane, mtaa wa Brixton. Wakaenda huko kutafuta kazi, na walipoipata wakatafuta vyumba palepale. Basi Brixton, mtaa ambao baadaye ulijulikana duniani kuwa makao ya Wakaribi, haukuchaguliwa kwa uzuri wake. Watu walikaa pale kwa kuwa palikuwa karibu na handaki na karibu na kazi.

Ni haki kukiri kwamba dhiki ya nyumba ilikuwa ya wote. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yamebomoa mitaa mizima ya London, na Waingereza wengi walikuwa wakikaa kwa jamaa zao, familia mbili katika nyumba ya familia moja. Nyumba za halmashauri zilitolewa kwa zamu, na mtu aliyetaka kuandikwa katika orodha alipaswa kwanza awe amekaa katika mtaa ule kwa miaka kadhaa. Sharti hilo halikutaja rangi ya mtu, lakini mtu aliyeshuka melini mwezi uliopita angelitimizaje? Kwa hiyo mgeni alibakiwa na njia moja tu, nayo ni kupanga chumba kwa mtu binafsi.

Hapo ndipo alipokutana na matangazo. Katika madirisha ya maduka ya magazeti palibandikwa vikaratasi vya vyumba vya kupangisha, na katika vingi viliandikwa maneno ya kuwakataa watu weusi; vingine viliwakataa na Waairishi, na vingine watu wenye watoto. Hayo yalikuwa matusi ya waziwazi, na kwa namna moja yalikuwa na nafuu, kwa kuwa yalimwokolea mtu viatu vyake. Zaidi yaliuma majibu ya adabu. Mtu alipiga simu akaambiwa chumba kipo, akafika baada ya nusu saa, mlango ukafunguliwa kiasi cha kuonyesha uso, akaambiwa kwamba masikitiko ni makubwa, chumba kimechukuliwa sasa hivi. Mama mwenye nyumba mara nyingi hakusema kwamba yeye mwenyewe anamchukia. Alisema kwamba yeye hana neno, ila majirani watanung'unika, au wapangaji wengine watahama. Hivyo kila mmoja alimtwika mwenzake dhambi ile, na mgeni akabaki nje. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini huyu hakufunguliwa.

Yule aliyefunguliwa alilipa ghali. Ilikuwa kawaida kumtoza mtu mweusi kodi iliyozidi ile aliyotozwa Mwingereza kwa chumba kilicho sawa, na wengine walidaiwa kilemba kabla ya kupewa ufunguo. Chumba chenyewe kilikuwa kipande cha nyumba kubwa ya kale iliyogawanywa. Jiko lilikuwa ukumbini au kwenye ngazi, likatumiwa na wapangaji wote kwa zamu. Gesi ilitoka baada ya kutumbukiza shilingi katika mita. Na wakati wa baridi watu waliota moto wa majiko ya mafuta ya taa, yaliyojaza chumba harufu na mara nyingine yakaleta moto wa maafa. Kulikuwa na vitanda visivyopoa: aliyefanya kazi usiku alilala mchana, na aliyefanya kazi mchana alikirudia kitanda kile kile usiku.

Shida ya wengi haikosi kuwa mtaji wa mmoja. Mwaka 1957 Bunge lilipitisha Sheria ya Kodi za Nyumba, ambayo iliondoa mipaka ya kodi kwa nyumba nyingi kila mpangaji wa zamani alipotoka na mpya alipoingia. Basi mwenye nyumba mwenye tamaa alipata sababu ya kumfukuza mpangaji wa zamani kwa hila au kwa vitisho. Jina lililoshikamana na uovu huo ni la Perec Rachman, mtu aliyezaliwa Poland na kuingia Uingereza baada ya vita, aliyemiliki nyumba nyingi katika Notting Hill na Paddington. Alikufa mwaka 1962, na mwaka uliofuata jina lake likavuma katika magazeti hata likageuka kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuwanyonya wapangaji. Hata hivyo wako wapangaji weusi waliokumbuka kwamba Rachman aliwatoza sana, lakini aliwafungulia mlango wakati wengine walipoufunga. Ushahidi huo haumtakasi yeye. Unawashitaki wale wengine.

Katika mitaa hiyo hiyo ya vyumba vilivyosongamana chuki ililipuka. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1958 makundi ya vijana wazungu yaliwawinda watu weusi katika njia za Notting Hill, wakivunja madirisha ya nyumba zao. Tarehe 17 Mei 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu akafa akiwa njiani kurudi kwake, wala hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Lakini wageni hawakukaa wakilia tu. Walikuja na desturi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja, kwa kuwa ni ile ile iitwayo upatu. Wajamaika waliiita pardner na Watrinidad waliiita sou-sou: watu wanaoaminiana hutoa fedha sawa kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua zote. Benki na vyama vya mikopo vilipowakataa, haba na haba ilijaza kibaba, na kibaba kikawa malipo ya kwanza ya nyumba. Wengi walinunua nyumba chakavu kwa bei ya juu, nyingine zikiwa na miaka michache tu iliyobaki katika hati zake, kisha wakawapangisha wenzao vyumba ili kulipa deni. Si wote waliokuwa wema, maana deni humfanya hata ndugu kuwa mkali. Lakini kwa mara ya kwanza mgeni aliyeshuka melini alikuwa na anwani mfukoni.

Sheria ilifuata nyuma polepole. Sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, ilihusu mahali pa watu wote, kama vile hoteli na mikahawa. Haikumzuia mwenye nyumba kumkataa mpangaji kwa rangi yake. Mwaka 1967 uchunguzi ulichapishwa ambao watafiti wake walikuwa wamewapeleka Mwingereza, Mhungari na Mkaribi kuomba vyumba vile vile, na Mkaribi alibaguliwa katika zaidi ya nusu ya majaribio. Haikuwezekana tena kusema kwamba ni manung'uniko matupu. Sheria ya Oktoba 1968 ikagusa nyumba na ajira, ingawa iliwasamehe wenye nyumba ndogo waliokaa pamoja na wapangaji wao. Hatimaye sheria ilikuwa imefika mlangoni.

Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Bunge lile lile lilikuwa limelifunga lango. Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Kiingereza, wakikimbia sheria mpya za leseni na vibali vya kazi, walizuiwa kuingia kwa hiari yao, isipokuwa kama wao au wazazi wao au babu zao walipata uraia katika Uingereza yenyewe. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba wasije kwake, kwa kuwa nyumba hazitoshi. Wengi walikwenda vivyo hivyo, maana Leicester ndiko walikokuwa na jamaa wenye vyumba.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 ilimtaka mwenye nyumba amkague mpangaji hati zake za ukaazi kabla ya kumpa ufunguo, na tangu mwaka 2016 ikatumika Uingereza yote ya Kiingereza. Mwaka 2018 ikadhihirika kwamba watu walioletwa utotoni kutoka Karibi, wakakaa miaka 50 na kulipa kodi zote, walikuwa wakipoteza kazi na nyumba kwa kukosa karatasi ambazo hawakuwahi kupewa. Serikali iliomba radhi. Wazazi wa watu hao walikuwa wameingia kwa lango lililo wazi na kusimama mbele ya mlango uliofungwa. Watoto wao, katika uzee, waliletewa lango lenyewe mlangoni pa chumba.